Umenitoa Mubaya

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, Chadia Kasongo alimpiga picha mwanamke aliyesimama mlangoni mwa nyumba iliyozama, mtaa wa Mulongwe, Uvira, akamwahidi kumletea picha yake. Hakumletea.

Chadia alifundisha watu kupiga picha za safari kwa simu. Wanafunzi wake walikuwa wageni: wafanyakazi wa mashirika, ndugu waliorudi kutoka Ulaya kuona wazee wao, wafanyabiashara wa Bujumbura waliovuka mpaka wa Kavimvira kwa shughuli za siku mbili tatu. Aliwatembeza ufukweni akiwaambia mambo yaleyale. Futeni kioo cha kamera kabla ya kila kitu, maana nusu ya picha mbaya ni mafuta ya vidole. Msivute kwa vidole, sogeeni kwa miguu. Uvira picha ni asubuhi, kwa sababu jua linatoka ng'ambo, Burundi, likipiga milango yetu usoni. Jioni mlima unalimeza mapema na ufuko wote unabaki kivulini. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Mkimwahidi picha yake, mpeni.

Na wekeni mtu ndani ya picha. Hilo ndilo lililomjengea jina. Ziwa bila mtu ni maji tu, alisema; anayetazama hajui ni kubwa kiasi gani. Mtu wake yeye alikuwa binti yake, Aziza, mwenye miaka tisa. Aziza alikuwamo katika kila picha nzuri ya Chadia, mdogo, kavaa gauni la njano, ameipa kamera mgongo. Ukiweka uso, watu wanamtazama mtoto, Chadia alieleza. Ukiweka mgongo, wanatazama anachotazama yeye. Mtoto alizoea. Mama yake alisema bila kuinua macho, sogea kushoto, simama hapo, usigeuke, naye alisogea, akasimama, hakugeuka, mpaka aambiwe imetosha, toka. Mara kadhaa aliomba apigwe uso. Mama yake alimjibu, siku ingine.

Jumamosi hiyo mwanafunzi alikuwa mmoja, Olive, mwanamke wa Bukavu aliyeletwa Uvira na kazi. Alitaka picha za nyumba zilizozama. Miezi ile ziwa lilikuwa limepanda. Wakaaji wa ufukweni walikuwa wamebeba vitanda na mabati wakahamia juu, na kuta zao zikabaki ndani ya maji hadi chini ya madirisha. Chadia alimwambia saa haikuwa nzuri, mlima umekwisha kula jua. Olive akasema hana jioni nyingine. Wakaenda, wakasimama juu ya mifuko ya mchanga ambayo watu wa mtaa walikuwa wameipanga kuzuia maji na ambayo sasa ilikuwa imeingia ziwani kama mkono, wakizitazama nyumba kutoka upande wa maji.

Aziza alikuwa chuoni, akisoma Kurani. Picha hazikuwa na mtu. Chadia alitafuta kwa macho mtu wa kuweka, akamwona mwanamke kwenye mlango wa nyumba ya pili.

Mwanamke alisimama ndani ya fremu ya mlango, maji yakimfika mapajani, uso kivulini. Chadia alidhani ni mwenye nyumba, amekuja kutafuta kilichosahaulika. Alifanya kama anavyofundisha: aliinua simu ionekane, akatabasamu, akangoja. Mwanamke akatikisa kichwa kukubali.

"Utaniletea foto yangu?" aliuliza. Sauti ilitoka karibu kuliko alipokuwa.

"Nitakuletea, mama. Minye siko muntu wa uongo."

Olive alikuwa hatua chache nyuma yake. Anasema alimsikia mwalimu wake akijibu, na hakumsikia aliyeuliza.

Kwenye kioo, picha ilikuwa na mlango na maji. Chadia alikasirika kidogo, kama mtu anavyomkasirikia mteja aliyetikisika. Alipoinua macho mlango ulikuwa mtupu. Aliirudisha simu mfukoni na kumwonyesha Olive namna ya kupunguza mwanga kwa kidole, na kabla hawajafika barabarani alikuwa amesahau.

Nyumbani kwao ni Kasenga, juu ya barabara, mahali ambapo maji ya ziwa hayafiki. Waliishi watatu: Chadia, Aziza, na mama yake Chadia, Bibi Fadhila. Akram, baba yake Aziza, alikuwa Kalemie kwa biashara ya samaki, akirudi boti ilipopatikana.

Siku chache baada ya Idi ya kuchinja, sebuleni kulinuka tope. Bibi Fadhila aliishuku ngozi ya mbuzi iliyoachwa uani. Akaitupa, akaosha sakafu, akachoma ubani. Harufu ikarudi. Haikuwa ya ngozi. Ilikuwa harufu ya godoro lililolala ndani ya maji muda mrefu, na ilikuja kila siku mlima unapolimeza jua, ikaondoka baada ya isha. Kisha kukawa na maji nyuma ya mlango, upande wa ndani, duara dogo, kiasi cha nyayo mbili zilizobanana. Bibi Fadhila aliyafuta, yakarudi. Siku aliyonusa kitambaa cha kufutia, kikanuka godoro lilelile, aliacha kumuuliza mjukuu wake nani anamwaga maji.

Ijumaa, adhana ya magharibi ilipokwisha, mwanamke alibisha hodi.

Bibi Fadhila aliuweka mkono juu ya mkono wa Chadia. Alilelewa kwamba sauti ya saa ile haiitikiwi mpaka imeita mara tatu, kwa sababu mwanadamu ataita ya tatu, na yule mwingine hawezi. Sauti iliita mara ya pili. Walingoja. Ya tatu haikuja. Jumamosi iliita mara mbili, Jumapili mara mbili, na Aziza, aliyekuwa akifunga madaftari yake ya shule, alisema kwa sauti ya chini kwamba mgeni amechoka kusimama.

Jumatatu Chadia alikuwa na maumivu ya kichwa, na hakuwa mtu wa kuogopa milango. Sauti ilipoita mara ya kwanza aliuliza nani.

"Minye wa Mulongwe," ilijibu. "Foto yangu iko wapi?"

Kitu cha kwanza alichohisi Chadia si hofu. Ni aibu, aibu ya mwalimu aliyekamatwa na kosa analowakataza wengine. Alifungua mlango akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari. Nje hapakuwa na mtu. Nyayo zilizolowa zilitoka njiani zikaja hadi kizingitini, na hakukuwa na za kurudi.

Asubuhi aliipeleka picha kwa Gwiza, kijana mkubwa kutoka milima ya juu, Hauts Plateaux, aliyechapisha picha kwenye kibanda karibu na soko. Gwiza alikuwa Mprotestanti, hakuamini majini na mashetani, aliamini karatasi nzuri. Aliitazama picha kwenye kioo, akamtazama Chadia.

"Mama Aziza, hapa hakuna muntu. Unachapisha mulango?"

"Chapisha tu."

"Hata mulango wenyewe haukutoka muzuri," Gwiza alisema, akachapisha.

Chadia alikwenda Mulongwe, akatembea juu ya mifuko ya mchanga hadi mwisho, akaitupa karatasi kuelekea mlangoni. Ilielea kidogo, ikavutwa ndani kana kwamba maji yalikuwa yakiingia ile nyumba, ingawa hayakuwa yakienda popote. Alirudi nyumbani akasema mambo yamekwisha. Magharibi ile haikubishwa hodi. Walikula, wakalala.

Kesho yake alasiri Aziza alirudi kutoka shuleni, akaingia chumbani, akatoka ameshika karatasi inayodondosha maji. Aliikuta juu ya mkeka wake. Alimpa mama yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

"Mama, amekataa," alisema. "Anasema umemutoa mubaya."

"Nani anasema?"

"Ule mama." Hakuonyesha kwa kidole, alitazama tu kona iliyo nyuma ya mlango, akarudisha macho. "Anasema iko giza, hana sura. Anasema weye unajua muzuri, ameona zangu zote." Alifikiri kidogo. "Nikamwambia hata minye sina foto ya uso."

Chadia aliuliza yule mama alisema nini hapo.

"Alifurahi," mtoto alisema.

Bibi Fadhila alimtuma mtu kwa Mwalimu Tariki kabla jua halijaingia mlimani. Mwalimu Tariki alifundisha chuoni na aliuza vocha za simu mlangoni pake, na watu wa Kasenga walimwita palipohitajika kisomo. Alikuja na buhuri ya kufukiza katika mfuko wa plastiki. Alimsomea Aziza kwanza. Mtoto hakupandisha shetani, hakulia, alisinzia akilala juu ya paja la bibi yake. Alisoma katika kona nne za nyumba, akaandika kombe, aya za zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akawanywesha wote watatu. Alipofika nyuma ya mlango sauti yake ilishuka, na alipotoka pale viatu vyake vilikuwa vimelowa. Aliketi, akamuuliza Chadia aliahidi nini hasa, kwa maneno gani. Chadia alimwambia.

Tariki alisema anawajua wa namna ile kwa kusikia. Ni wa maji, hawana uso, wanamwomba kila anayeonekana kuweza kuwapa. Wengi wanaombwa radhi na kukataliwa, wanarudi chini. Huyu hakukataliwa.

"Angekuwa na hasira ningemusomea ikaisha," alisema. "Huyu hana hasira, Mama Aziza. Iko na tumaini. Umemupa weye, ni weye wa kulikata."

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Jumapili alfajiri Chadia aende peke yake Mulongwe, asimame mbele ya mlango ule, aseme neno moja, siwezi, arudi bila kugeuka. Asiongeze neno. Yeye Tariki na Bibi Fadhila watabaki nyumbani na mtoto, komeo likiwa limefungwa, wakisoma Yasini mpaka mama arudi.

"Akilia?" Chadia aliuliza.

"Muache alie."

Chadia aliuliza kama si bora kumpiga vizuri tu, mara moja, kwa mwanga mzuri, apate yake aende zake. Bibi Fadhila alishusha tasbihi.

"Uso hauko. Akiupata, itakuwa ameutoa kwa muntu," Tariki alisema. "Sema siwezi."

Chadia alisema amesikia. Kwa miaka alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hakuna sura mbaya, kuna mwanga mbaya, na mtu asiyetoka vizuri kwenye picha ni mpigaji aliyeshindwa. Neno siwezi hakuwahi kumwambia mteja. Siku zilizobaki alilisema kimya, akifua, akipika, kama mtoto anayejifunza sura fupi.

Jumapili tarehe 30 Juni alitoka nyumbani kabla ya mwanga. Aziza alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, kati ya bibi yake na Mwalimu Tariki. Chadia alisikia komeo likifungwa nyuma yake. Simu aliibeba kwa ajili ya tochi. Ndivyo alivyowaeleza polisi baadaye.

Ziwa lilikuwa limetulia. Alipita juu ya mifuko ya mchanga mpaka mwisho, akazima tochi kwa sababu mbingu upande wa Burundi ilikuwa imeanza kupauka, na alipoutazama mlango wa nyumba ya pili mwanamke alikuwa amekwisha simama pale, ndani ya fremu, mikono imeshikana mbele, kama mtu aliyefika studio mapema ili asipitwe na zamu. Harufu ya godoro ilivuka maji ikamfikia. Chadia alivuta pumzi, akafungua kinywa kusema neno lake, na wakati uleule jua likatokea juu ya mlima wa ng'ambo, na mwanga ukaja juu ya ziwa bila kuzuiwa na kitu, ukafika kwenye kizingiti, ukaanza kumpanda mwanamke kutoka majini kwenda juu, ukionyesha kitenge kilivyoganda mwilini, na vidole, na kiwiko, na mstari wa bega, na juu ya bega kivuli cha fremu tu, kivuli ambacho mtu yeyote mwenye jicho aliona kwamba kingeondoka kama huyu aliyesimama angehama hatua moja, hatua moja tu, upande wa kushoto.

"Utaweza?" mwanamke aliuliza. Aliuliza kama wanavyouliza wateja wote, akinyoosha nguo.

Neno lilikuwa juu ya ulimi. Chadia aliinua simu, akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya mtandio.

"Sogea kushoto," alisema.

Mwanamke alisogea, na maji yaliyomzunguka hayakufanya hata wimbi.

"Simama hapo."

Akasimama, na bila kuambiwa akampa kamera mgongo, mgongo mwembamba kuliko Chadia alivyoutarajia, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, namna ambayo Chadia aliijua bila kukumbuka anaijua kutoka wapi, kwa kuwa wakati huo hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa akitazama mwanga, na ukingo wa picha, na maji ya chini yaliyogeuka shaba, na aliona kwamba picha hiyo ilikuwa bora kuliko zote alizopata kupiga, na kwamba ilibaki kitu kimoja.

"Sasa geuka," alisema. "Nione uso."

Aligeuka. Uso uliingia kwenye mwanga wote, wazi, kila unywele wa nyusi ukionekana, meno mawili ya mbele yamepishana kidogo, ukicheka kicheko cha mtu aliyengoja zamu yake miaka na leo ameitwa. Chadia alibonyeza kwanza. Alitambua baadaye.

"Hii ndiyo minye," mwanamke alisema, kwa sauti ya Aziza, akarudi ndani.

Chadia aliruka majini. Wanawake waliokuja kuteka maji walimkuta ndani ya ile nyumba, maji yakimfika mapajani, akipapasa kuta za chumba kitupu kwa mikono miwili na kupiga kelele ambazo baadaye hawakuweza kuziandikisha polisi kama maneno.

Polisi waliandika maelezo ya Mwalimu Tariki na ya Bibi Fadhila, kila mmoja peke yake. Maelezo yalilingana. Walikuwa katikati ya Yasini. Aziza, ambaye alikuwa usingizini, aliketi kwenye mkeka. Akainuka, akaenda hatua moja kushoto. Akasimama, amewapa mgongo. Bibi Fadhila alimuuliza anafanya nini, akajibu, "Mama ananipanga." Tariki alipandisha sauti ya kusoma, bibi akamshika mtoto mkono, na mkono ulikuwa baridi na umelowa hadi kwenye kiwiko na ulimteleza kama samaki. Halafu mtoto akageuka kuwatazama, amechangamka, na wote wawili walisema kwamba aligeuka na hakumaliza kugeuka. Pale alipokuwa pakabaki maji. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Polisi waliomba picha ya uso wa mtoto kwa ajili ya tangazo. Chadia alifungua simu. Kulikuwa na Aziza kwenye bandari ya Kalundu, Aziza kwenye daraja, Aziza mbele ya ng'ombe waliokuwa wakishushwa kutoka milimani, Aziza katika mvua na katika jua, miaka minane ya Aziza, na yote ilikuwa migongo. Kabla ya hapo zilikuwepo za mtoto mchanga. Shule yake haikuwahi kuwapiga watoto picha. Afisa alipitisha kidole kwenye kioo kwa muda mrefu, akauliza kama mtoto alikuwa na kasoro usoni.

Uso ulikuwa kwenye picha moja tu, ile ya mlango wa Mulongwe.

Bibi Fadhila alikataa. Alisema kile kitu kisitolewe ndani ya nyumba, kisichapishwe, simu itupwe. Akram alipiga kutoka Kalemie, akasikiliza, akalia, kisha akasema kwamba mtu hatafutwi kwa mgongo. Chadia alikuwa wa mwisho kusema. Aliipeleka kwa Gwiza. Gwiza, ambaye hakuwa ameambiwa chochote zaidi ya kwamba mtoto amepotea, alikata mabega na mlango, akabakiza uso, akaongeza jina na namba ya simu. Alisema, kwa heshima, akitaka kumfariji, kwamba ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kumchapishia.

Tangazo lilibandikwa sokoni, kwenye vituo vya pikipiki, misikitini na makanisani, kwenye boti za kwenda Baraka. Liliingia kwenye makundi ya simu, likavuka hadi Bujumbura, likarudi. Siku lilipobandikwa harufu ya tope iliondoka Kasenga. Maji nyuma ya mlango yalikauka. Hakuna aliyebisha hodi tena. Chadia alianza kuketi mlangoni kila magharibi, tayari kuitikia wito wa kwanza, na wito haukuja.

Simu zilikuja. Zilitoka Kilibula, Kalundu, na vijiji vya kusini kando ya ziwa, na wapigaji wote walianza kwa kusema wamemwona mtoto, halafu wakasita. Wengine walikata. Waliobaki walisema uso ni ule, hawana shaka, ila mwenye uso ni mtu mzima. Alikuwa amesimama majini jioni. Alikuwa amependeza. Aliwapungia mkono.

Jumapili tarehe 13 Oktoba, Pétronille, mwanamke wa Makobola anayekausha ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni, alizungumza na mwanamke huyo. Jirani yake alikuwepo na anathibitisha. Mwanamke alisimama kwenye maji ya magoti, nje ya nyavu, akimtazama. Pétronille alikuwa na tangazo kwenye ukuta wa kibanda chake. Alilitazama, akamtazama yule, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yeye ni Aziza wa Kasenga anayetafutwa na mama yake.

"Hapana," mwanamke alisema. "Aziza iko palepale. Amesimama pahali mama yake alimuweka. Hajaambiwa atoke."

Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, Chadia aliingia katika nyumba ya Mulongwe akiwa na afisa mmoja wa polisi, Mwalimu Tariki na Olive. Ziwa lilikuwa limeshuka kwa msimu. Ndani hapakuwa na maji, palikuwa na tope tupu, na kwenye tope hapakuwa na alama ya mtu wala mnyama, isipokuwa upande wa kushoto wa mlango, hatua moja kutoka kwenye fremu, ambapo palikuwa na nyayo mbili za mtoto zilizoelekea nje, kwenye mwanga. Afisa alichuchumaa akazipima kwa kiganja. Anasema zilikuwa mbichi. Anasema pia, na wenzake watatu wanasema hivyohivyo, kwamba katika muda waliokaa pale zilizidi kuzama, polepole, kama tope linavyozama chini ya mtu anayejitahidi kutotikisika.

Chadia alipiga magoti mbele ya zile nyayo.

"Imetosha, mwanangu," alisema. "Toka."

Alisema hivyo mara nyingi, mpaka jua likapanda na mwanga ukaondoka mlangoni. Nyayo hazikusogea.